Muthokoi wa Kwa Vonza: mbona ganda hutolewa kwanza?

Ukija likizo na kushika barabara ya Machakos kwenda Kitui, usingoje ufike mjini ndipo ule. Shuka Kwa Vonza. Tangu Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya (SEKU) kipate hati mwaka 2013, hoteli ndogo za familia huku zina walaji wa kila siku: mama yuko jikoni, binti anapakua, mahindi huenda yametoka shambani kwao. Wanafunzi hula chapati kwa ndengu. Wewe agiza muthokoi.

Mtanzania angeuita makande ya mahindi yaliyokobolewa. Mahindi makavu hunyunyiziwa maji kidogo, yakatwangwa kinuni hadi ganda litoke bila punje kupondeka, kisha yakapepetwa kwa ungo. Punje zilizochubuliwa huiva upesi kuliko nzima, na hilo si dogo katika nchi kame ambako kuni na maji hufuatwa mbali. Siku hizi mashine humaliza kwa dakika chache kazi iliyokula asubuhi nzima. Bila mashine hiyo, sidhani kama kuna hoteli ambayo ingemudu kuuuza kila siku.

Kukoboa kuna faida nyingine. Mwaka 2004 watu 317 waliugua kutokana na sumukuvu ya mahindi, hasa wa Makueni na Kitui, na 125 wakafa. Miaka minne baadaye watafiti wa Kenya walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba kukoboa tu hupunguza sumu hiyo kwa karibu nusu, kwa wastani. Si kinga: mahindi yenye ukungu ni ya kutupa. Na kama sumu imetoka na ganda, basi imo kwenye pumba tunazowamwagia kuku. Hapo ndipo mimi huingiwa na wasiwasi.

Kinachochanganywa na muthokoi hufuata msimu. Mvua ya kutegemewa Ukambani ni ya Oktoba hadi Desemba. Kunde huwahi kukomaa, ilhali mbaazi huchelewa hadi katikati ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo mgeni wa Februari atarajie kunde, wa Agosti atarajie mbaazi, na kitunguu na nyanya hazikosi. Fika kabla ya saa nane, kwa sababu sufuria ikiisha imeisha, na umuulize mwenye hoteli kwa adabu, ukimwita mama kwa Kikamba: “Mwaitu, leo umepikwa na nini?” Kuku wa kienyeji mwagize asubuhi, ukiwa bado njiani.