Umetupwa nje kabla tiketi haijatoka? Si bando lako

Unaijua ile hasira. Umechagua kiti cha dirishani, umejaza jina na namba ya kitambulisho, unabonyeza "lipa", kisha tovuti inakurudisha mwanzo: tafadhali ingia tena. Unalaumu bando. Wakati mwingine bando halina makosa.

Fikiria steji ya matatu. Mpiga debe ndiye anakuelekeza gari la kuingia, ili moja lisijae jingine likibaki tupu. Kwenye tovuti yenye seva kadhaa, kazi hiyo hufanywa na lodi balansa, kwa mfano HAProxy, programu ya bure iliyoanzishwa na Mfaransa Willy Tarreau. Sasa umeweka begi kwenye gari la tatu, ukashuka kununua maji. Unarudi, mpiga debe ni mwingine. Hakujui, anakupeleka gari la kwanza. Begi lako halimo.

Hilo begi ndilo sesheni: kumbukumbu kwamba umeingia na umefika wapi.

Nilipoacha chuo (karo, stori ya siku nyingine) nilisaidia tovuti ndogo ya tiketi za basi. Tulikuwa na balansa mbili zikilindwa na Keepalived. Balansa kuu hutuma salamu kila sekunde. Ya akiba ikikosa kuisikia kwa kama sekunde tatu, inachukua anwani ileile ya IP. Jioni moja Desemba ile kuu ilizima. Ya akiba ikashika kazi chapchap, tukagongeana tano. Kisha simu zikaanza. Jedwali la nani yuko seva gani lilikuwa kwenye kumbukumbu ya balansa iliyokufa, kwa hivyo wateja waligawanywa upya. Kuna waliokuwa wameshaweka PIN ya M-Pesa, na oda zao zilikuwa ndani ya sesheni. Nililinganisha malipo na majina kwa daftari hadi alfajiri.

Dawa rahisi ni kuki. Balansa inakuandikia jina la seva yako, kama risiti mkononi. Balansa mpya yenye mipangilio ileile inaisoma na kukurudisha kwenye gari lako. HAProxy pia inaweza kunakili lile jedwali kwa mwenzake kila linapobadilika. Lakini seva yenyewe ikifa, begi limeenda nayo. Ndiyo maana wengi huweka sesheni kando, kwenye hifadhi kama Redis, seva zote zichote hapo. Hiyo Redis nayo iwe na nakala, la sivyo umehamisha shida tu. Na faili uliyokuwa katikati ya kupakia bado itakatika, maana muunganisho wenyewe huvunjika.

Kama una tovuti, usijaribu kwa ping pekee kama sisi. Ingia kama mteja, chagua kiti, zima balansa, kisha bonyeza "endelea". Tulifanya hivyo Januari, saa nane usiku, na raundi ya kwanza tulitupwa nje sote watatu.