Umeanza dawa za TB na dozi ya methadoni 'haishiki'? Muuguzi anapaswa kujua kwa nini

Mtu amekaa miezi minane bila kugusa unga. Kila asubuhi anafika kliniki, anakunywa methadoni yake mbele ya mtoa dawa, kisha anaenda kwenye shughuli zake. Siku moja anapimwa na kukutwa na kifua kikuu. Anaanzishiwa vidonge vya TB.

Wiki moja au mbili baadaye anarudi dirishani akiwa hoi. Mafua yanatiririka, mifupa inauma, tumbo linakata, usiku hapati usingizi.

"Sista, dozi haishiki tena."

Hapo kuna majibu mawili. Muuguzi wa kwanza anawaza: hawa ndivyo walivyo, anataka kuongezewa tu. Anamwambia avumilie. Muuguzi wa pili anauliza swali moja: "Kaka, kuna dawa yoyote mpya umeanza?"

Jibu la kwanza linaweza kumrudisha kijiweni siku hiyohiyo. La pili linaweza kuokoa maisha yake. Na tofauti ya wauguzi hawa wawili si roho nzuri pekee. Ni kile walichofundishwa.

Huu ni mfano tu, lakini kinachotokea ndani yake ni jambo halisi, na wataalamu wanalijua tangu 1976.

Mwilini kunatokea nini?

Moja ya dawa kuu za TB inaitwa rifampisini. Pamoja na kuua vimelea, ina tabia nyingine: inalichochea ini lifanye kazi kwa kasi zaidi.

Ini ndilo linaloivunjavunja methadoni. Likiongeza kasi, dozi iliyokuwa inamtosha mtu kwa saa 24 inaisha mapema. Matokeo yake ni arosto, ileile ya kukosa heroini, ingawa mtu hajaruka hata siku moja ya dawa.

Mwaka 1976, daktari Mary Jeanne Kreek na wenzake wa New York walichapisha utafiti kuhusu wagonjwa 30 waliokuwa wakitumia methadoni na kuanzishiwa rifampisini. Kati yao, 21 walipata dalili za arosto. Damu yao ilipopimwa, kiwango cha methadoni kilikuwa kimeshuka.

Kwa hiyo yule mtu wa dirishani hadanganyi. Dozi yake kweli imepungua, ila imepungulia ndani ya mwili na si kwenye kikombe.

Suluhisho si kuacha dawa za TB. Ni kuongeza methadoni kidogokidogo chini ya uangalizi wa daktari. Na kuna upande wa pili ambao nao ni wa hatari: matibabu ya TB yakiisha, ini linarudi kwenye mwendo wake wa kawaida. Dozi isiposhushwa kwa mpangilio, ile iliyokuwa ikimtosha sasa inaweza kumzidi na kumzimisha pumzi.

Baadhi ya dawa za VVU, kama efavirenzi na nevirapini, nazo hupunguza methadoni mwilini. Dolutegraviri, inayotumika zaidi siku hizi, haina shida hiyo.

Kwani methadoni si kubadilisha ulevi kwa ulevi?

Swali hili huulizwa sana mtaani, na hata ndani ya hospitali.

Heroini hukaa mwilini kwa saa chache. Anayeitumia hulazimika kutafuta kete nyingine mara kadhaa kwa siku, na siku nzima inaishia kwenye kusaka pesa, kuvuta au kujidunga, halafu kuanza upya. Methadoni hunyweka kwa mdomo, haihitaji sindano, na dozi sahihi hudumu siku nzima. Mtu halewi, hapati arosto, na anaweza kufanya kazi.

Tiba hii ilianza New York mwaka 1964 kwa kazi ya Vincent Dole, Marie Nyswander na huyohuyo Kreek. Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2005.

Ushahidi wake ni mzito. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 ulikusanya tafiti zenye watu karibu 750,000 kutoka nchi mbalimbali. Ulionyesha kwamba watu walio kwenye tiba ya aina hii wana hatari ya kufa chini ya nusu ya ile ya wasiokuwa kwenye tiba.

Uchambuzi mwingine, wa mwaka 2017, ulihesabu hivi: kwa kila watu 1,000 wanaofuatiliwa kwa mwaka mmoja, walikufa takriban 11 wakiwa kwenye methadoni, na takriban 36 wakiwa wameiacha. Wiki nne za mwanzo baada ya kuacha ndizo zilizokuwa mbaya zaidi.

Sasa rudi kwa yule muuguzi wa kwanza. Kumwambia mgonjwa "vumilia" mpaka akate tamaa kunamsogeza kutoka kundi la 11 kwenda kundi la 36.

Tanzania ilifikaje hapa

Heroini inayopita Afrika Mashariki hutoka Afghanistan, hufika pwani za Iran na Pakistan, kisha huvuka Bahari ya Hindi, mara nyingi kwa majahazi. Sehemu ya mzigo hubaki njiani. Ndivyo unga ulivyozoeleka Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa.

Mwaka 2005 watafiti waliripoti jambo la kutisha kutoka Dar es Salaam. Baadhi ya wanawake waliojidunga walikuwa wakivuta damu yao ndani ya sindano baada ya kujidunga, kisha kumpa mwenzao asiye na hela ajidunge damu hiyo, wakiamini ina mabaki ya heroini ya kumtuliza arosto. Wengi walifanya hivyo kwa kumwonea mwenzao huruma.

VVU ilipata njia. Utafiti wa Temeke uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta takriban theluthi moja ya waliojidunga wana maambukizi. Miaka hiyohiyo, kiwango cha taifa kwa watu wa miaka 15 hadi 49 kilikuwa karibu asilimia 5.

Februari 2011, Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua kliniki ya methadoni inayogharamiwa na umma, ya kwanza kwenye bara la Afrika kusini mwa Sahara. Mwananyamala na Temeke zikafuata, baadaye Zanzibar na mikoa mingine kama Dodoma, Mwanza na Mbeya. Kenya ilianza Desemba 2014 pale Mathari, Nairobi, kisha Malindi mwaka uliofuata.

Fikiria maana yake kwa watumishi. Muuguzi aliyemaliza chuo Tanzania kabla ya 2011 hakuwahi kuona kliniki ya methadoni ya umma akiwa mwanafunzi, kwa sababu haikuwepo. Alichokijua kuhusu "mateja" alikitoa kulekule tunakokitoa wengine wote: mtaani.

Neno moja dirishani

Mwaka 2013 watafiti wa Uholanzi walichambua tafiti 28 kutoka nchi za Magharibi kuhusu mtazamo wa watumishi wa afya kwa wagonjwa wenye uraibu. Walikuta mtazamo hasi umeenea. Watumishi wengi waliona wagonjwa hawa ni wakorofi, wa kutilia shaka, wasio na nia ya kupona. Pia walikuta kwamba watumishi walikosa elimu ya kutosha kuhusu wagonjwa hao, na huduma iliathirika.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2010, ulifanya jaribio rahisi. Wataalamu zaidi ya 500 wa afya ya akili walipewa maelezo ya mgonjwa mmoja. Nusu walisoma maelezo yanayomtaja kwa neno la lawama, kama sisi tunavyosema "teja". Nusu walisoma maelezo yaleyale, ila yanamtaja kama mtu mwenye tatizo la matumizi ya dawa.

Waliosoma neno la lawama walielekea zaidi kuona kwamba mgonjwa amejitakia mwenyewe na anastahili adhabu. Hawa ni wataalamu, si watu wa kijiweni. Neno lilitosha.

Ndiyo maana kubadilisha "teja" kuwa "mraibu" au "mtu mwenye uraibu" kwenye faili la mgonjwa si adabu ya maneno tu. Anayelisoma faili hilo zamu inayofuata ndiye atakayeamua kama aulize kuhusu dawa mpya, au aseme "vumilia".

Muuguzi afundishwe nini hasa?

Kwa mujibu wa ripoti ya WHO ya mwaka 2020, wauguzi ni karibu 6 kati ya kila wataalamu 10 wa afya duniani. Kwenye vituo vingi ndio wanaomwona mgonjwa kwanza, na mara nyingi zaidi. Kuhusu uraibu, mambo haya ndiyo ya lazima:

• Kuuliza bila kuhukumu. WHO ina dodoso fupi kwa kazi hii. La pombe lina maswali 10, na jingine lina maswali 8 yanayogusa pombe, tumbaku na dawa za kulevya. Yanaweza kuulizwa hata kwenye kituo cha afya cha kawaida.

• Kupima arosto badala ya kukisia. Kipo kipimo cha vipengele 11: mapigo ya moyo, jasho, mboni za macho kupanuka, miayo, vinyweleo kusimama na vinginevyo. Mtu anaweza kudanganya kwa mdomo, lakini kuzipanua mboni za macho kwa makusudi ni kazi ngumu.

• Kujua dawa zinazogongana. Rifampisini ndiyo ya kwanza kwenye orodha. Vidonge vya usingizi kama diazepamu na pombe vina hatari tofauti: vikikutana na methadoni, vyote vinapunguza upumuaji.

• Kuelewa dozi. Siku za mwanzo methadoni hujikusanya mwilini taratibu, ndiyo maana WHO inashauri kuanza na miligramu zisizozidi 20 hadi 30 kwa siku. Lakini dozi ikibaki ndogo muda mrefu, watu huacha. Utafiti wa wagonjwa wa mwanzo wa Muhimbili ulionyesha kwamba waliopata dozi kubwa zaidi walibaki kwenye tiba kuliko waliopata ndogo.

• Kutambua aliyezidiwa. Mboni ndogo kama ncha ya sindano, kupumua kwa shida au kukoroma kusiko kwa kawaida, kutoitika. Dawa ya kumrudisha inaitwa naloksoni.

Darasa peke yake linatosha? Uchambuzi wa mwaka 2012 uliopitia tafiti 13 za kupunguza unyanyapaa ulionyesha kwamba kwa wanafunzi wa udaktari na wataalamu wengine, mafunzo yanayowakutanisha na watu wenye uraibu yanaweza kubadilisha mtazamo. Yaani mwanafunzi akae, amsikilize mtu aliyepitia arosto akieleza asubuhi yake ilivyokuwa. Siku atakayekuja mgonjwa kama huyo zamu yake, hatakuwa mgeni kwake.

Kama ni wewe, au ni ndugu yako

1. Ukianza dawa yoyote mpya, hasa ya TB, iambie kliniki ya methadoni siku hiyohiyo. Na kliniki ya TB nayo iambie kuhusu methadoni. Usidhani wanawasiliana.

2. Dozi ikiacha kushika, usiache dawa za TB. TB isiyomalizwa inarudi, na inaweza kurudi ikiwa sugu.

3. Usijiongezee mwenyewe kwa unga, pombe au vidonge vya usingizi. Wengi huzidiwa hapo.

4. Ukimaliza dawa za TB, rudi useme umemaliza. Dozi huenda ikahitaji kushushwa.

5. Ukimkuta mtu haitiki na anapumua kwa shida, mlaze ubavu na mkimbize hospitali. Waambie alichotumia. Kuficha hapo ni kumpotezea dakika zake.

Na ukikutana na yule muuguzi wa kwanza? Usiondoke. Sema wazi: "Nimeanza dawa za TB wiki iliyopita, naomba nimwone daktari wa methadoni." Sentensi hiyo mgonjwa hapaswi kuwa yeye wa kumfundisha mtumishi. Lakini mpaka vyuo vitakapomfundisha kila muuguzi kuuliza, ni vizuri mgonjwa awe anaijua.