Je, Wajua? Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka

Ulaya, baridi ndiyo inayoupumzisha mzabibu, na mavuno huwa mara moja tu. Dodoma haina baridi ya namna hiyo. Hapa mkulima mwenyewe ndiye anayeupumzisha: anapunguza maji, anapogolea matawi, kisha anamwagilia tena, na baada ya miezi minne hivi vichala vimeiva. Ndiyo maana kuna mavuno ya kuelekea Machi, na mengine ya Agosti hadi Septemba.

Ukitaka kuzuru viwanda vya mvinyo kwa siku moja, chagua hayo ya kiangazi. Mvua imekwisha, barabara za vumbi zinapitika, na zabibu hazishambuliwi sana na ukungu.

Anzia Bihawana, barabara ya Iringa, ambako wamisionari wa Kiitalia walipanda mizabibu miaka ya 1950. Kaskazini mwa jiji kuna Makutupora, penye kituo cha utafiti na aina ya zabibu nyekundu iliyobeba jina la mahali hapo.

Hombolo ipe muda mrefu zaidi. Viwanda viko jirani na mashamba, na ukifika msimu wa kukamua utaona mchuzi wa zabibu, kama wenyeji waiitavyo juisi iliyokamuliwa, ukichachuka ndani ya matangi. Omba kuuonja kabla ya mvinyo uliokomaa. Tofauti yake inafundisha kuliko maelezo yoyote. Piga simu mapema, kwani si kila kiwanda hupokea wageni bila taarifa, na kodi gari lenye dereva asiyeonja.