Kibomba cha Tishu Kinaweza Kuanzisha Bustani ya Mboga Nyumbani

Familia inayomaliza tishu 2 za chooni kwa wiki hubaki na vibomba vya katoni zaidi ya 100 kila mwaka. Vingi hutiwa katika mfuko mmoja pamoja na maganda ya ndizi, nepi na mabaki ya chakula. Vikishalowa na kuchafuka, hakuna mnunuzi wa karatasi kuukuu anayevitaka. Mwisho wake ni jaa la Mwakirunge au, mbaya zaidi, mtaro ulio nje ya nyumba, ambao huziba mvua ya masika inaponyesha Mombasa.

Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti jukumu la kuzoa na kutupa taka. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inataka taka zinazooza zitenganishwe na zisizooza pale pale zinapotoka, yaani nyumbani, dukani na ofisini. Vitu vikishachanganyika na kulowana, ni vigumu kuvitenganisha tena ndani ya lori.

Kibomba cha tishu ni pahali rahisi pa kuanzia, kwa sababu kikibaki kikavu bado kina kazi. Kazi yenye faida zaidi kwa familia ni kukitumia kama chungu cha kuoteshea miche.

Kwa nini kinafaa

Miche mingi hudumaa au kufa siku ya kuhamishwa kwa sababu mizizi yake midogo hukatika inapong'olewa kitaluni. Matango, maboga, matikiti-maji na bamia huathirika zaidi. Mche ulioota ndani ya kibomba hauna haja ya kung'olewa. Unazikwa pamoja na kibomba chake, maji hulainisha katoni, vijidudu vya udongoni huila, na mizizi hupenya na kuendelea na safari yake. Mfuko wa plastiki wa miche, kwa upande mwingine, sharti uchanwe na kutolewa, na usipookotwa hubaki shambani kwa miaka mingi.

Namna ya kutengeneza

1. Chukua kibomba kikavu na safi. Kata mipasuo 4 upande mmoja, kila mmoja wa urefu wa sentimita 2 hivi.

2. Kunja vipande hivyo kwa ndani, kimoja juu ya kingine, kama mtu anavyofunga boksi. Hiyo ndiyo sehemu ya chini.

3. Changanya udongo na mboji iliyoiva. Udongo ukiwa mzito, ongeza mchanga kidogo. Jaza kibomba na ushindilie kwa kidole bila kukaza sana.

4. Panga vibomba vikiwa wima na vikigusana ndani ya trei au beseni kuukuu lililotobolewa chini. Vikikaa pamoja haviangukianguki, wala havikauki upesi kwa joto la Pwani.

5. Tia mbegu 2 katika kila kibomba. Zikiota zote, acha mche wenye nguvu na ukate mwingine kwa mkasi badala ya kuung'oa.

6. Mwagilia kidogo kidogo asubuhi na jioni. Udongo uwe na unyevu, lakini usitote.

Kibomba ni kidogo, kwa hivyo mche haufai kukaa humo muda mrefu. Matango na maboga huwa tayari kuhamishwa baada ya wiki 2 au 3. Nyanya na pilipili huchukua muda mrefu zaidi. Mizizi ikianza kuchomoza nje ya katoni, wakati umefika.

Mambo ya kuangalia

Ukungu mweupe ukitokea nje ya kibomba, kwa kawaida ni dalili ya maji mengi na hewa kidogo. Punguza kumwagilia na utenganishe vibomba kidogo.

Wakati wa kupanda, hakikisha ukingo wote wa juu wa katoni umefunikwa na udongo. Ukiachwa nje, hufyonza maji kutoka chini na kuyapoteza hewani, na mche hukauka hata kama ulimwagiliwa. Hili ndilo kosa la kawaida zaidi.

Mahali penye mchwa wengi, ni afadhali kuchana kibomba taratibu na kukiondoa kabla ya kupanda, kwa sababu mchwa hupenda katoni. Vibomba vilivyopakwa plastiki, nta au karatasi ya fedha kwa ndani, kama vile baadhi ya mikebe ya vibanzi, visizikwe kabisa kwani haviozi vizuri.

Kazi nyingine

Kibomba kikikunjwa pande zote mbili huwa kijisanduku cha kuhifadhia mbegu kavu za msimu ujao. Aina ya mbegu na tarehe ziandikwe juu yake. Waya za chaja zilizokunjwa na kutiwa kila moja ndani ya kibomba chake hazisokotani. Watoto nao hutakiwa mara kwa mara kupeleka shuleni vifaa vya kazi za mikono, na vibomba vikavu hufaa badala ya kununua vifaa vipya dukani. Vilivyolowa au kuchafuka chooni visipewe watoto.

Kuna nyumba ambazo bado huwasha jiko la makaa kwa vipande vya plastiki. Moshi wake una sumu na hudhuru kifua, hasa cha mtoto. Kibomba cha kawaida kilichojazwa makumbi ya nazi makavu hushika moto haraka na kinaweza kuchukua nafasi ya plastiki hiyo. Jiko liwashwe nje au penye hewa ya kutosha.

Mafundi cherehani na maduka ya vitambaa hubaki na vibomba virefu na vigumu vya majora. Hivyo hufaa kuhifadhia chati za shule na michoro bila kuikunja.

Vinavyobaki

Vibomba visivyotumika virarueni vipande vidogo na mvichanganye na maganda na mabaki ya mboga katika shimo la mboji. Katoni hunyonya majimaji na kupunguza harufu na nzi. Nyumba isiyo na uwanja inaweza kuvibana bapa, kuviweka pakavu pamoja na karatasi nyingine, na kumpa mkusanyaji wa karatasi kuukuu. Visirundikwe muda mrefu, kwani katoni nyingi ndani ya nyumba huwa makao ya mende.

Wakazi wanaotaka kujaribu wanaweza kutundika kikapu kimoja pakavu, mbali na pipa la taka, na kukusanya vibomba 10 au 20 kabla ya mvua. Miche ikitayarishwa wiki 3 kabla ya masika au vuli, itakuwa tayari kutiwa ardhini mvua itakapoanza, na mvua yenyewe itasaidia kazi ya kumwagilia.