Somo la Jiografia Liko Barabarani

Mimi nilisoma jiografia ya miji kabla sijaujua mji wowote. Nikiwa kidato cha tatu niliweza kuitaja miji ya bonde la Ruhr huko Ujerumani kwa pumzi moja: Essen, Dortmund, Duisburg, Bochum. Nilijua makaa ya mawe yalichimbwa wapi na chuma kilipita mto gani. Lakini mtahini angeniuliza kwa nini mji wa Same uko pale ulipo, tambarare penye jua na vumbi, na si kule juu milimani penye maji na migomba, ningemtumbulia macho tu. Na Same nilikuwa naipita kila likizo!

Nimelikumbuka hilo siku niliyokwama Kifaru. Wasafiri wa njia ya kaskazini wanapajua: ni mahali padogo katika wilaya ya Mwanga, kwenye barabara kuu ya Moshi kwenda Same, chini ya milima ya Upare Kaskazini. Basi letu lilizima, fundi akaingia uvunguni, sisi abiria tukatawanyika kutafuta kivuli. Ndipo nikaona watoto wa shule kama ishirini na ushei, wametandazwa kando ya lami na madaftari yao. Wawili walikuwa wakihesabu magari yanayopanda Moshi, wawili yanayoshuka Same. Wengine walikuwa kwa wauza ndizi.

"Shikamoo mama," alianza msichana mmoja. "Ndizi hizi zimetoka wapi?"

"Marahaba mwanangu. Ugweno. Kwani huku chini bila mfereji zingeota?"

Mwalimu wao, aliyekuwa amesimama nyuma na kofia ya ukindu, akasema: "Andikeni na hilo la mfereji."

Nikamsogelea. Akaniambia alikuwa akifundisha mada ya makazi na miji, na kwamba amechoka kuifundisha kwa picha za New York. "Wakishajua Kifaru," alisema, "New York wataielewa kwa jioni moja."

Nilidhani ni utani. Sasa nadhani alisema kweli, na leo nataka kueleza kwa nini.

Tuanze na hilo jibu la mama wa ndizi. Milima ya Upare husimama kama ukuta, mawingu yakipanda huangusha mvua juu. Kule vileleni mvua hupita milimita 1,000 kwa mwaka. Same chini, kwa kawaida, hazifiki 600. Ndiyo maana tangu zamani Wapare walijenga juu, wakachimba mifereji na malambo yao ya kukinga maji waliyoyaita ndiva. Tambarare ilikuwa ya kupitia tu na kulishia mifugo. Kwa kanuni hiyo, miji yote ya Upare ilipaswa kuwa milimani. Mbona haiko?

Jibu ni njia. Zamani za misafara, upande wa mashariki wa Upare Kusini, Kisiwani palikuwa kituo chenye jina, penye maji na biashara na watu wa pwani. Kisha Wajerumani wakaleta reli kutoka Tanga. Reli haikupita Kisiwani. Ilipita magharibi ya milima, Hedaru, Makanya, Same, Lembeni, ikafika Moshi mwaka 1911. Serikali ya kikoloni ikaweka boma Same, duka likafuata boma, na Kisiwani ikabaki pembeni mpaka leo. Hapakuwa na vita wala njaa. Ni njia tu ilihama. Mtoto akilielewa hilo, atajua pia kwa nini bandari hufa na miji ya machimbo hukauka, awe hajawahi kuiona hata mmoja.

Na si biashara peke yake. Mwaka 1945, Wapare walipoikataa kodi ya mbiru, maelfu yao waliteremka kutoka milimani wakakaa Same kwa siku nyingi wakidai kusikilizwa. Kwa nini Same? Kwa sababu boma lilikuwa pale. Mji ni mahali ambapo watu huenda kutafuta kisichopatikana nyumbani: chumvi, daktari, au haki yao. Profesa Isaria Kimambo ameiandika habari hiyo kama historia. Mimi nasema ni jiografia pia.

Hapo yule mwalimu alinionyesha zoezi ambalo kwangu lilikuwa bora kuliko yote. Kila mtoto alitakiwa kumwuliza mama yake: unakwenda Kifaru kwa ajili gani? Mwanga je? Moshi je? Majibu yalifanana ajabu. Kifaru ni kiberiti, sukari na usafiri. Mwanga ni ofisi za wilaya. Moshi ni vitu vya jumla na mgonjwa aliyezidiwa, maana hospitali ya KCMC iko huko tangu mwaka 1971. Mwaka 1933 Mjerumani mmoja, Walter Christaller, alichapisha kitabu kizima kuhusu miji ya kusini mwa Ujerumani akieleza jambo hilohilo: kwamba vituo vidogo ni vingi na viko karibu karibu, vikubwa ni vichache na viko mbalimbali, kwa sababu kiberiti hakisafiriwi mbali lakini daktari bingwa husafiriwa. Wanafunzi wa kidato cha sita hukariri nadharia hiyo na michoro yake yenye pembe sita. Watoto wa Kifaru waliipata kwa mama zao jikoni, bila pembe hata moja.

Msikilizaji ataniuliza: faida yake nini, na mtihani unasubiri? Hata mwalimu alikiri kwamba wazazi wengine hunung'unika kuwa watoto wanazururishwa barabarani. Siwalaumu sana, wamelipia madaftari. Lakini tuitazame nchi yetu. Katika sensa ya 1967 Watanzania waliokaa mijini hawakufikia 7 katika kila 100. Katika sensa ya 2022 walikuwa karibu 35. Dar es Salaam ya 1967 ilikuwa na watu wapatao 273,000. Ya 2022 ilipita milioni 5.3. Miji hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilianza kama Kifaru: njia panda, mti wa kivuli, mama wa ndizi, kisha gereji, kisha nyumba za kulala wageni, kisha watu wanajenga popote penye nafasi.

Popote, nasema. Kati ya ramani walizochora watoto kwa kupima hatua za miguu, moja ilikuwa na mstari mpana kutoka mlimani ulioandikwa "njia". Mzee mmoja aliyeketi karibu, akiifuata kwa fimbo, akawaambia: hiyo si njia, hilo ni korongo. Watu hupita humo kiangazi tu. Mvua kubwa ikinyesha juu, hata kama hapa kuna jua, maji huja humo na mawe yake. Mwalimu akawatuma watoto wakahesabu misingi mipya ya nyumba iliyochimbwa ndani ya korongo. Walirudi na tatu. Aliyeniudhi ni abiria mwenzangu aliyecheka, eti hayo ni mambo ya bwana ardhi. Ni kweli ni ya bwana ardhi. Lakini bwana ardhi naye alikuwa mtoto wa shule, na wenye misingi mitatu vilevile, na huenda wote walifundishwa Ruhr kama mimi.

Sisemi Ruhr ifutwe. Nasema ije baadaye. Ukishaona reli ilivyoinyanyua Same na kuiacha Kisiwani, kisha barabara ya lami ilivyoyachukua mabasi na abiria hata treni ya abiria ikakoma kwa miaka mingi mpaka iliporejea Moshi Desemba 2019, basi Duisburg na mto wake si jina gumu tena. Ni Makanya yenye meli.

Fundi alitoka uvunguni kama saa tisa. Mvulana mmoja akanifuata mbio na daftari: nimetoka wapi, naenda wapi, nimeshukia nini Kifaru? Nikamjibu basi limeharibika. Akatazama safu zake, biashara, ndugu, matibabu, ofisi, akakosa pa kuniweka. Mwalimu akamwambia achore safu mpya. Dereva alipopiga honi nilimsikia akiuliza tena, kwa wasiwasi wa kweli, kama basi lililohesabiwa likiingia lihesabiwe na linapotoka.