Marejeo: Ngũgĩ Hayupo Kwenye Herufi T

Kuna kazi ambayo wengi wetu tunaiacha hadi saa nane za usiku, andiko limeshakwisha, macho mazito, na kesho ndiyo siku ya kutuma. Ni orodha ya marejeo. Tunaichukulia kama kufua soksi. Lakini rejea ni anwani. Msomaji aliyeko Mwanza au Uholanzi akitaka kuhakiki ulichosema, ana mistari miwili tu ya kumfikisha kwenye chanzo. Ukikosea jina, mwaka au juzuu, umempeleka mtaa ambao haupo.

Na mitaa ya namna hiyo ipo kweli. Mwaka 2017 Anne-Wil Harzing, profesa aliyekuwa London, alieleza jambo ambalo Pieter Kroonenberg wa Chuo Kikuu cha Leiden alikuwa amelishtukia. Makala moja ya Van der Geer na wenzake, ya mwaka 2000, iliyohusu sanaa ya kuandika makala ya kisayansi, ilikuwa imerejelewa karibu mara 400. Kumbe makala hiyo haijawahi kuandikwa! Ulikuwa mfano tu, uliowekwa kwenye maelekezo ya wachapishaji Elsevier ili waandishi waone rejea inavyopangwa. Inaelekea wengi walichukua kiolezo, wakaandika yao juu yake, na mfano ukabaki palepale chini. Wahariri nao wakapitisha. Nukta na koma zote zilikuwa mahali pake, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Siku hizi hali ni ngumu zaidi, kwa sababu ukiiomba ChatGPT marejeo inaweza kukupa yenye sura safi kabisa, mwandishi, juzuu, kurasa, na bado yakawa hayapo duniani.

Mtindo wenyewe si wa kuchagua wewe. Jarida limeshachagua, na limeandika kwenye ukurasa wa maelekezo kwa waandishi, ule ambao hatuusomi. Wenzetu wa udaktari mara nyingi wanatumia Vancouver, uliotokana na kikao cha wahariri katika mji huo wa Kanada mwaka 1978. Humo chanzo kinapewa namba kadiri kinavyojitokeza kwenye matini, na orodha inafuata namba hizo, si alfabeti. Sisi wa elimu tunakutana zaidi na APA, ambao sasa uko toleo la saba, la mwaka 2019: jina la ukoo na mwaka ndani ya matini, orodha kwa alfabeti. Toleo hilo limeondoa mji wa uchapishaji, kwa hiyo ukiona desa la zamani linakufundisha kuandika “Dar es Salaam:” kabla ya mchapishaji, ujue limepitwa. Pia waandishi wakiwa watatu au zaidi, ndani ya matini unamtaja wa kwanza tu, kisha “na wenzake” kwa jarida la Kiswahili, au “et al.” kwa la Kiingereza, tangu mara ya kwanza.

Hayo yote unaweza kuyaachia Zotero au Mendeley. Programu hizi ni za bure, na mtu anayeandika marejeo 60 kwa mkono mwaka huu anajitesa bure. Ila zina upofu mmoja unaotuhusu sisi hasa, nao ni majina yetu. Programu inadhani kila binadamu ana jina la kwanza na jina la ukoo, na kwamba la mwisho ndilo la ukoo.

Hebu mchukue Ngũgĩ wa Thiong'o. Ukiingiza Decolonising the Mind, kitabu cha 1986 ambacho wengi kozini tumekutana nacho, programu inaweza kukukatia jina likawa “Thiong'o, N. wa”, chini ya T. Thiong'o ni baba yake! Aliyeandika ni Ngũgĩ, na Maktaba ya Bunge la Marekani inamworodhesha chini ya Ngũgĩ. Ugumu unaongezeka ukirudi nyuma, kwa sababu Weep Not, Child ya 1964 ilitoka kwa jina la James Ngugi, jina ambalo baadaye alilikataa mwenyewe. Mwandishi aliyepigania jina lake kiasi hicho, halafu sisi tumkate katikati kwa sababu kompyuta imesema? Kwenye Zotero kuna kitufe pembeni ya jina kinachounganisha visanduku viwili kuwa kimoja. Kibonyeze, andika jina zima.

Pwani nako kuna lake. Mohamed Suleiman Mohamed aliandika Kiu (1972), Said Ahmed Mohamed akaandika Utengano (1980). Ukiweka “Mohamed” peke yake, msomaji asiyejua riwaya za Zanzibar atadhani ni mtu mmoja. APA inataka herufi za mwanzo ziingie hata ndani ya matini, (M. S. Mohamed, 1972) na (S. A. Mohamed, 1980), ingawa miaka yao ni tofauti. Vyeo navyo havipandi kwenye rejea. Sheikh Kaluta Amri Abedi anakuwa “Abedi, K. A.”, hakuna sheikh, hakuna profesa, hakuna mheshimiwa. Tumelelewa kuwapa wakubwa heshima zao, kwa hiyo najua inauma kidogo.

Mwaka nao una mtego. Shaaban Robert alifariki 1962. Ukiandika (Robert, 1991) kwa sababu nakala uliyoazima ilichapwa upya 1991, tuseme, umemfufua. Kusadikika ni ya 1951, hivyo unaweka yote mawili, 1951/1991.

Ukituma kwa jarida la Kiingereza, kichwa cha Kiswahili usikitupe. Elimu ya Kujitegemea ya Nyerere (1967) inabaki hivyo hivyo, na tafsiri inafuata ndani ya mabano ya mraba. Kama ulisoma chapa ya Kiingereza, rejelea hiyo, maana namba za kurasa zinaweza kutofautiana.

Kabla ya kutuma, soma matini ukiwa na orodha mkononi. Kila jina la ndani lipigie tiki chini. Lisilo na tiki, litoe. Kisha bofya kila DOI, ile anwani ya kudumu ya makala inayoanza na 10, uone inafunguka wapi. Kwa marejeo 40 ni kama saa moja hivi.

Na kama unatuma makala yako ya kwanza, amua sasa jina lako litaandikwaje na usilibadilishe kila mara. Fungua ORCID, namba ya tarakimu 16 wanayopewa watafiti bure tangu 2012. Ukiwa na jina kama Juma au Mohamed, namba hiyo ndiyo itakayokutofautisha na wenzako.