KWA NINI TUNAMCHEKA MTU ANAYEHESABU SAHANI



Tangu ile Jumamosi tuliyotoka pamoja kwenda kula kando ya ziwa na kutazama mchezo wa teatri, wengi wamenisimamisha uwanjani na maswali. Wa madarasa ya chini wanasema hawakufahamu sawasawa, kwa sababu mchezo ulikuwa nusu Kifaransa, nusu Kiswahili. Wengine wanauliza kama inafaa wanafunzi wa shule ya Kiprotestanti kulipa kiingilio ili wapate kucheka. Na kuna swali la tatu, ambalo watu hawalisemi kwa sauti, wananitazama tu. Nitajaribu kuyajibu yote. Naanza na chakula, kwa maana hata mchezo wenyewe moto wake ulikuwa jikoni.

Waliobaki shuleni wajue kwamba tulikuwa 36. Tulitoka kwa miguu, tukapita Mulongwe, tukashika barabara ya Kalundu. Mnaijua ile njia: upande mmoja milima, upande mwingine maji, na mji umebanwa katikati. Mahali pengi karibu na ziwa utaona ukuta umesimama peke yake bila nyumba, kwa sababu maji yalipanda mwaka wa 2020, na tena mwaka wa 2024, yakaingia mpaka vyumbani mwa watu. Mama aliyetupikia ameweka meza zake mbali kidogo na maji, na anayatazama kama mtu anayetazama mbwa wa jirani.

Chakula kilikuwa mikeke ya kuchoma, bugali wa muhogo, na sombe ya mawese. Kwa wenzetu wanaotoka milimani nieleze jambo moja juu ya mukeke. Yule si samaki wa kukaa pembeni. Anaishi katikati ya ziwa, anafuata ndagala, maana ndio chakula chake. Wavuvi wanamtafuta usiku kwa taa: mwanga unawavuta ndagala, ndagala wanamvuta mukeke, kiisha wavu unainuliwa na wote wanaingia pamoja, mlaji na mwenye kuliwa. Lakini mbalamwezi ikijaa, ziwa lote ni mwanga, na taa haina kazi tena. Wavuvi wengi wanalala nyumbani. Siku zile samaki wanakuwa haba na bei inapanda. Mtu wa Uvira anaweza kujua mwezi una siku ngapi kwa kutazama sahani yake tu. Mimi niliyepanga safari sikutazama juu. Nilichagua wiki ya mbalamwezi.

Mama akaomba Franka 6.000 kwa sahani moja. Kila mmoja wenu alikuwa amekwisha kunipa 6.000 ya chakula na 1.000 ya kiingilio, ni kusema pesa za kutosha zilikuwako. 36 mara 6.000 ni 216.000. Hesabu hiyo hata mtoto wa primeri anaiweza. Lakini siku moja mbele ya safari nilienda peke yangu kwa yule Mama nikamwambia:

– Mama, utupikie samaki 30.

– Muko wangapi, mwanangu?

– Tuko 36. Lakini wengine ni wadogo.

Akanitazama, hakusema neno. Nikalipa 180.000. Zikabaki 36.000 mfukoni mwangu. Sikutaka kuziiba. Nilitaka kununua karatasi na wino za gazeti letu hili, kwa maana tulikuwa tumeishiwa. Niliona ni wazo la akili sana. Sikumwuliza mtu.

Ndiyo maana siku ile samaki 24 walitoka wazima, na samaki 6 walikatwa katikati, wakawa vipande 12, na vipande hivyo vilikwenda kwa wale wadogo wa darasa la saba na la nane. Mmoja wao, ambaye mama yake anauza ndagala sokoni na anajua bei ya samaki kuliko mimi, aliuliza: «Kapita, ingine nusu iko wapi?» Nikamjibu kwamba bugali uko mwingi. Watu wakacheka kidogo. Mimi nilikula mukeke mzima, na kichwa chake.

Sasa tuingie katika sala ya teatri. Mchezo tuliouona ni L'Avare, ni kusema Mchoyo, wa Molière. Aliuonyesha mara ya kwanza katika mji wa Paris mwezi wa 9 mwaka wa 1668, na yeye mwenyewe alicheza kama Harpagon, yule mzee mchoyo. Wazo hakulitoa kichwani mwake tu. Karne nyingi mbele yake, Plautus wa Roma alikuwa amekwisha kutunga kichekesho juu ya mzee aliyeficha chungu cha dhahabu. Harpagon naye amezika sanduku la pesa shambani mwake, na tangu hapo hana amani. Akisikia mbwa analia, anakimbia kutazama kama wezi wamefika.

Vijana wa ile shule nyingine walifanya jambo zuri ambalo ninalisifu: Harpagon alisema Kifaransa akitaka kuonekana mkubwa, lakini hasira ikimshika alirudi katika Kiswahili cha hapa kwetu. Watumishi wake walisema Kiswahili toka mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo hata asiyefahamu Kifaransa alijua saa ya kucheka. Lakini wengi wenu mlipotewa na mambo katika kitendo cha tatu, na pale ndipo kiini cha mchezo. Nieleze polepole.

Harpagon anataka kuoa msichana aitwaye Mariane, kumbe mwana wake mwenyewe anampenda msichana huyohuyo. Mzee analazimishwa kufanya karamu. Anawaita watumishi wake mmoja mmoja. Mmoja koti lake lina doa kubwa la mafuta ya taa: anaambiwa ashike kofia mbele ya doa saa zote. Mwingine suruali imepasuka nyuma: anaambiwa asiwageuzie wageni mgongo. Anaitwa Bwana Jacques, ambaye ni mpishi na tena mwendeshaji wa farasi. Mshahara mmoja, kazi mbili! Akitaka kujua bwana wake anasema na yupi, inambidi kubadili koti. (Hapo walimu wetu walicheka sana kuliko sisi. Kuna mmoja anayefundisha Historia, Jiografia na Michezo.)

Harpagon anamwambia mpishi kwamba wageni watakuwa wanane au kumi, basi apike cha wanane, kwa maana kikiwa cha kutosha wanane, hata kumi watakula. Tena achague vyakula vya kushibisha upesi. Vijana wale walitia pale bugali mwingi na sombe. Kijana Valère, anayejipendekeza kwa mzee kwa sababu anampenda binti yake, anamletea neno la hekima juu ya kula kwa kiasi. Mzee analipenda hata anataka liandikwe kwa herufi za dhahabu. Lakini akijaribu kulisema mwenyewe, analigeuza kichwa chini.

Niliposikia ile hesabu ya wanane na kumi, nilicheka. Nilicheka mbele ya watu wote, nikapiga magoti kwa mikono. Kiisha nikaona kwamba benchi letu lote limegeuza shingo. Hawakutazama jukwaa. Walinitazama mimi. Yule mdogo wa darasa la saba alikuwa ananyoosha vidole, anahesabu kitu.

Hapo ndipo nilifahamu kazi ya kichekesho, kuliko nilivyoifahamu kitabuni. Katika Kifaransa tulifundishwa kwamba kichekesho kinasahihisha tabia kwa kicheko. Mimi niliandika sentensi ile katika daftari nikapata alama nzuri. Lakini haikunieleza kwa nini inafanya kazi. Nadhani ni hivi: mtu akikukaripia waziwazi, unafunga moyo na kutafuta majibu. Lakini akikuonyesha mtu mwingine, unacheka, ni kusema umekwisha kutoa hukumu. Ukijua baadaye kwamba yule mtu ni wewe, hukumu imetoka katika kinywa chako mwenyewe, na huwezi kuirudisha. Ndivyo nabii Natani alivyofanya kwa mfalme Daudi (2 Samweli 12). Hakuanza na Uria. Alianza na kondoo mmoja wa maskini. Daudi alikasirika badala ya kucheka, lakini njia ni ileile. Wenye kuuliza juu ya Wakristo na mzaha wasome tena Eliya na manabii wa Baali juu ya Karmeli (1 Wafalme 18), waone kama Eliya hakuwacheka.

Najua pia kwamba zamani Kanisa na wachezaji hawakupatana. Molière alipokufa mwaka wa 1673, saa chache nyuma ya kucheza, padri wa mtaa wake alikataa kumzika, na mwisho akazikwa usiku. Hata kati yetu wako wazazi wanaosema teatri ni mahali pa uongo. Siwadharau. Iko michezo ya matusi, na ile mimi pia sitaki kupeleka wadogo huko. Lakini mbele ya kukataza, tuulize: nani anachekwa? Kama ni kilema, au maskini kwa sababu ni maskini, tutoke katika sala. Kama ni mwenye ufunguo wa ghala, tubaki tumalize.

Msifikiri kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Wazazi wetu wanalijua jina la Mufwankolo wa Lubumbashi, aliyechekesha watu katika radio na televisheni kwa Kiswahili cha Katanga. Kundi lake halikushika kitabu. Walipatana juu ya jambo, wakaligawa katika sehemu, kiisha kila mchezaji akajitafutia maneno yake. Mwaka wa 1986 mtaalamu mmoja, Johannes Fabian, aliwauliza maana ya msemo wa Kifaransa, le pouvoir se mange entier, ni kusema utawala unaliwa mzima. Hawakumpa jibu la sentensi moja. Walibishana, wakatunga mchezo mzima juu ya chifu na watu wake. Fabian akaandika kitabu juu yake, kilichotoka mwaka wa 1990.

Ona neno lile: unaliwa. Kwetu huwezi kusema juu ya ukubwa bila kusema juu ya kula. Katika nyumba nyingi firigisi ya kuku ni ya baba, na mtoto akiigusa anapigwa. Mtu akipata kazi kubwa, jirani hawaulizi atafanya nini, wanauliza atakula na nani. Ndiyo sababu mchekeshaji, awe wa Paris au wa Lubumbashi, akitaka kumpima mkubwa anamweka karibu na chungu.

Sitaeleza mwisho wote wa L'Avare. Sanduku linaibiwa, mzee anashika mkono wake mwenyewe akidhani amemkamata mwizi, tena anageukia watazamaji na kuwashuku. Mwishoni wengine wanapata ndoa zao, yeye anapata sanduku lake, na anaomba ashonewe koti jipya kwa pesa za mwingine. Harpagon hatubu. Wengi waliniuliza kwa nini. Mimi naona kwamba kama angetubu, tungemsahau tukiwa njiani kurudi.

Linabaki lile swali la tatu. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa Bwana Prefe na zile 36.000, nikamweleza. Hakupiga kelele. Aliniuliza jambo moja tu: nilikula nusu au mzima? Nikajibu. Akasema niwarudishie wenyewe kwa mkono wangu, mbele ya darasa lao. Wale 12 wamekwisha kupokea 3.000 kila mmoja. Yule mdogo alihesabu zake mara mbili.

Kuhusu karatasi, hatukupata nyingine. Ndiyo maana namba hii ya gazeti imechapwa upande wa nyuma wa maswali ya mtihani wa mwaka jana. Ukigeuza ukurasa huu ukaona hesabu za madarasa ya chini, msimlaumu mchapaji.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa mwisho